Shemeji anapakia abiria, na bima inaisha mwezi huu

Shikamoo Mzee,

Mimi ni muuguzi, mama wa watoto watatu, naishi Uyole hapa Mbeya. Nakuandikia nikiwa nimetoka zamu ya usiku na usingizi umegoma. Jambo lenyewe ni la bima ya gari, lakini limeshaingia mpaka chumbani.

Miaka miwili iliyopita tulinunua Noah ya mkononi kwa milioni 21. Milioni tisa kati ya hizo ni mkopo wangu wa SACCOS ya kazini, nakatwa kwenye mshahara, na kadi ya gari iko kwao mpaka nimalize. Miaka yote miwili nimekata bima kubwa. Sasa inaisha mwisho wa mwezi huu na nyumbani hatuelewani.

Mwaka jana nikitoka Igawa, nilipofika Inyala lori lilirusha kokoto ikapasua kioo cha mbele. Nikampigia dalali wetu wa bima, ambaye ni mzee wa kanisa tunakosali. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, kioo hakimo kwenye bima yako." Nikalipa 280,000 mfukoni. Tangu siku hiyo mume wangu akisikia neno bima anacheka. Anasema tukate bima ndogo ya 118,000 yaishe, kwa sababu "bima ni ya kumwonyesha trafiki."

Mimi naogopa. Jirani yetu alikuwa na bima ndogo, gari likamshinda kwenye ukungu pale Isyonje, likapinduka. Hakuambulia hata shilingi. Gari liko uani kwake chini ya turubai, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma.

Sasa lililoninyima usingizi. Tunaishi na shemeji, mdogo wake mume wangu, alimaliza VETA na hajapata kazi. Yeye ndiye anapeleka watoto shule nikiwa zamu. Mwezi wa sita nilikuwa nafagia gari nikakuta kiti cha kati kina madoa meusi ya utomvu wa ndizi, na chini ya zulia sarafu za mia tano tano. Sisi hatuna shamba la migomba. Kumbe siku tatu kwa wiki anapakia abiria Uyole hadi Tukuyu. Mume wangu alikuwa anajua, shemeji humpa 25,000 kila siku anayotoka. Niliumia sana, halafu nikakumbuka kwamba ada ya muhula uliopita ilitoka kwenye hela hizo hizo. Na mwezi wa nane alivuka nalo mpaka Karonga, Malawi, kwenye msiba wa rafiki yake, mimi nikajua aliporudi.

Nilipomweleza dalali, akanipigia hesabu mbili. Gari sasa linauzika kama milioni 18, kwa asilimia 3.5 na VAT ni 743,400. Akasema tukiandika milioni 12 inashuka hadi 495,600. Kuhusu abiria akasema, "Andika matumizi binafsi tu. Ukiandika biashara itapanda na watakuuliza mengi." Tena kwenye fomu kuna swali kama nimewahi kupata ajali. Mwezi wa pili nilikwaruza bajaji pale Mafiati, nikamlipa kijana 150,000 tukaachana. Dalali aliniambia nisiripoti ili nisipoteze punguzo.

Mzee, bima kubwa ina faida gani kama kioo tu haikulipa? Kwa nini mwenzangu wa wodini mwenye IST analipa kidogo kuliko mimi? Na nimwambieje shemeji bila nyumba kuvunjika?

Muuguzi wa Uyole

MAJIBU

Marahaba, binti yangu. Pole na zamu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kikokotoo mkononi. Umeniuliza maswali matatu, lakini kuna la nne umelipitisha katikati kwa haraka, lile la fomu. Nitalifikia. Kwanza tuanze na kioo, maana naona imani ya mumeo ilipasuka siku ile ile.

Unasema bima kubwa "kioo tu haikulipa," kana kwamba anayelipa kikubwa hashindwi kidogo. Sivyo inavyokwenda. Jina lenyewe linatudanganya. Bima kubwa ni orodha ya mambo yaliyotajwa: gari lako likigonga au kupinduka, likiungua, likiibwa, pamoja na madhara utakayowafanyia wengine. Tairi kuchakaa na injini kufa kwa uzee hazimo. Kioo, redio na vitu vya namna hiyo mara nyingi ni nyongeza, unaviomba na kuvilipia kidogo juu ya ada. Nimekaa upande wa pili wa meza ya madai kwa miaka mingi, na wateja waliokuja wakiwa wameusoma mkataba wao naweza kuwahesabu kwa vidole. Wewe uliwahi kuuona? Sisemi ile karatasi moja ya kavanoti. Nasema mkataba wenyewe, wenye kurasa za "hatutalipa ikiwa." Muombe dalali akuletee kabla hujatoa hata shilingi, na muulize kioo kinaongeza kiasi gani.

Jirani yako naye, pamoja na majonzi ya gari lake na wale kuku, hakudhulumiwa. Alinunua kitu kingine. Bima ndogo ni ya watu walio nje ya gari lako. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari la barabarani liwe nayo ili aliyegongwa asiachwe bila fidia kwa kuwa aliyemgonga hana kitu. Mali ya huyo mwingine, kama ukuta au bajaji yake, hulipwa kwa ukomo ulioandikwa kwenye mkataba. Gari lako mwenyewe halimo. Kwa hiyo mumeo kakosea nusu tu. Trafiki anaiuliza kweli, lakini bima hiyo ipo kwa ajili ya mtoto anayevuka barabara pale Uyole njia panda.

Kuhusu mwenzako wa IST. Kwetu hapa, kinachopandisha ada kuliko vyote ni thamani ya gari. Asilimia ni ile ile, ila asilimia 3.5 ya milioni 18 si sawa na ya milioni 11, halafu VAT ya asilimia 18 inakaa juu yake. Baada ya thamani huja matumizi, kwa sababu gari linaloshinda barabarani na watu wanane ndani linakutana na ajali kwa wingi kuliko linalolala nje ya wodi. Kisha nyongeza ulizoomba, historia yako ya madai, wakati mwingine umri wa gari. Gari likizeeka sana, kampuni nyingi husita kabisa kulikatia bima kubwa. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, huweka viwango vya chini, kwa hiyo mtu akikuletea bei iliyo chini mno kuliko ya madirisha mengine yote, usifurahi kabla hujauliza kilichopunguzwa.

Na hapa ndipo hesabu ya mzee wa kanisa inaponitia wasiwasi. Kushusha thamani kutoka 21 hadi 18 ni haki yako, gari limechakaa, na hata ukiling'ang'aniza kwenye 21 likipotea utalipwa bei ya soko. Kushusha hadi 12 ni habari nyingine. Tuseme umegonga, matengenezo ni milioni sita. Mikataba mingi ina kipengele kinachosema ukikatia bima sehemu ya thamani, utalipwa kwa uwiano huo huo. 12 kwa 18 ni theluthi mbili. Milioni sita inakuwa nne. Toa na eksesi, ule mzigo wa kwanza unaobeba mwenyewe. Ikiwa ni asilimia kumi, umebaki na 3,600,000. Milioni mbili na laki nne unazitafuta wewe, karibu mara kumi ya zile 247,800 ulizookoa dirishani. Gari likiisha kabisa, hawavuki 12, na SACCOS bado wanakata mshahara.

Simwiti dalali wako mwizi. Huenda anakuonea huruma kweli. Ila jiulize, ushauri huo angekubali kuuandika kwa mkono wake na kusaini? Siku ya ajali, fomu itakuwa na sahihi yako, si yake.

Ndiyo, lile swali la bajaji. Punguzo ni la mtu asiyedai, na wewe kweli hukudai, kwa hiyo hapo hukukosea. Lakini fomu, kama ulivyoniandikia, inauliza habari ya ajali. Haijauliza madai. Ni maneno mawili tofauti, na bima yote imejengwa juu ya kuaminiana kwamba umesema unachokijua. Mkwaruzo wa 150,000 ukiutaja, sioni kama utakupandishia ada kwa kiasi cha kukuumiza. Usipoutaja na yule kijana wa bajaji akajitokeza siku usiyoitaka, je? Pima mwenyewe.

Sasa utomvu wa ndizi.

Nikueleze kinachotokea gari binafsi lenye abiria likipinduka, maana nimekiona. Mkaguzi wa kampuni haanzi na dereva. Anakwenda hospitali, anaketi pembeni ya kitanda cha mama mwenye plasta mguuni, anampa pole, kisha anamuuliza polepole: "Nauli ulilipa shilingi ngapi?" Mama anajibu, kwa nini adanganye? Hapo madai ya gari lako yameishia. Namba ni za njano, za gari binafsi. Leseni ya shemeji nadhani ni daraja D, wakati abiria wa kulipia wanataka dereva wa daraja C. Kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, hakipo. Hao walioumia nao wanahitaji matibabu, na hata pale kampuni inapolazimika kuwalipa, yaweza kukugeukia wewe mwenye gari uirudishie. Ya Karonga nayo ndiyo hayo hayo. Bima ya hapa inaishia mpakani Kasumulu, kuvuka kunahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, na hata hiyo ni kwa ajili ya utakaowaumiza huko, si kwa Noah yako.

Lakini naomba nikuguse kidogo, usinikasirikie. Barua yako inamweka shemeji kwenye kizimba peke yake. Mumeo alijua. Ada imelipwa. Kijana wa VETA asiye na kazi ameamka alfajiri kwenye baridi ya Uyole akaleta hela nyumbani, na huenda moyoni anajiona ndiye anayewasaidia. Ukimwendea na "hapana," utakuwa unamkataza kazi iliyolisha meza yenu. Ukimwendea na daftari, mtakuwa watu watatu mnaotazama hesabu moja. Anatoka siku tatu, 75,000 kwa wiki. Toa mafuta, toa tairi na breki za ule mteremko wa kushuka Kiwira, toa siku za mvua. Kinachobaki ni kiasi gani kwa mwezi? Hata yeye sidhani kama amewahi kukijua.

Mkishakijua, njia mbele yenu si moja. Mnaweza kuliingiza gari kwenye biashara kwa haki: namba nyeupe, kibali, leseni ya daraja lake, bima ya biashara yenye abiria ndani. Ada itapanda, dalali hakukudanganya, na patakuwa na kuhangaika ofisini. Faida yake ni kwamba kijana atakuwa na kazi anayoweza kuitaja mbele za watu. Hatari yake ni kwamba biashara ya njia ile ina ushindani, na gari likianza kuvuta hela ya matengenezo kuliko linavyoleta, mshahara wako ndio utakaoziba. Kabla ya yote muulizeni SACCOS. Mikopo ya namna hiyo mara nyingi ina masharti juu ya matumizi ya gari.

Mnaweza pia kulirudisha nyumbani, bima kubwa ya binafsi kwa thamani ya kweli, na kioo ukiongeze safari hii. Utalala. Ila pengo la ile 75,000 litaonekana muhula ukifika, na shemeji atakaa sebuleni akitazama ukuta. Sitaki kukudanganya kwamba hilo ni dogo, nyumba huvunjwa na ukimya kuliko makelele.

Au mfuate mumeo: bima ndogo, tofauti muiweke akiba. Mawazo yake hayana upumbavu, wapo watu makini wanaofanya hivyo. Tofauti ni 625,400 kwa mwaka. Kwa kioo, taa na mkwaruzo, akiba hiyo inatosha na inabaki. Kwa gari zima la milioni 18, mtaweka karibu miaka 29. Swali ni mnaogopa lipi, na kama ajali ikija mwaka huu wa kwanza mtasimamaje. Wapo wanaochukua ya katikati, bima ndogo yenye moto na wizi, lakini hiyo nayo haigusi kupinduka, na kwa barabara ya Isyonje kupinduka ndiko kunakukosesha usingizi. Ila huenda njia hii si yako kuichagua. Kama mkataba wa mkopo unataka bima kubwa hadi deni liishe, na umenigusia kwamba kadi wanayo wao, basi mjadala wenu wa chumbani mmeufanya bila kumwita mhusika wa tatu. Kausome kesho.

Hiyo ya milioni 12 na "binafsi tu" sijaihesabu kama njia. Wewe mwenyewe hukuipenda, vinginevyo ungeshalipa.

Mambo machache ya haraka kwa sababu tarehe inakimbia. Usiache bima ife hata siku moja mkiwa bado mnajadiliana, na ukumbuke ada isiyolipwa haina bima nyuma yake, hata dalali akisema "nitakuwekea." Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA kwa simu yako, uone jina la kampuni, aina ya bima na tarehe. Kama haimo, huna bima, una risiti. Piga bei kwa wengine wawili kabla hujaamua, ukiwapa maelezo yale yale ya kweli, uone tofauti. TIRA wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya, wanasikiliza, na ukifikia kuvutana na kampuni kwa madai yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Natumaini hutafika huko.

Kumwambia mumeo nakushauri uchague siku usiyotoka zamu. Mtu aliyekesha wodini huongea ukali asioukusudia, nawe unalijua hilo kuliko mimi. Shemeji aje na daftari lake la safari, kama hana mpe la kuanzia leo. Wewe weka mezani mkataba wa mkopo na ule wa bima. Asikike yeye kwanza.

Na kile kiti, mama watoto wangu, ambaye ni mtu wa Tukuyu, anasema utomvu usiupeleke kwenye sabuni moja kwa moja. Upake mafuta ya kula, uache kidogo, ukwangue na kijiko, ndipo uoshe. Ukishakauka miezi kama huo wako, haahidi kitu.